Kumsindikiza mtoto mwenye disleksia shuleni: mwongozo kamili kwa mzazi

Mtoto ameweka kidole chini ya neno "walipompelekea". Anaanza: wa… li… Anasimama. Anarudi mwanzo: wa… li… po… Jasho la kidole limeacha alama kwenye ukurasa. Akifika "-kea" ameshasahau alianzia wapi, basi anainua macho, anaitazama picha iliyo juu ya ukurasa, kisha anasema "walimpa" kwa sauti ndogo, huku macho yakikuomba usimrudishe tena. Jioni hiyohiyo ukimsomea wewe hadithi ileile, anajibu kila swali, tena anauliza moja ambalo wewe mwenyewe hukulifikiria.

Ukiliona pengo hilo, kati ya mtoto anayesikiliza na mtoto anayesoma, umeona jambo zito kuliko alama yoyote ya kwenye ripoti. Mimi niliishi nalo miaka miwili kabla ya kujua linaitwaje. Katika miaka hiyo niligomba, nilimnyima mwanangu michezo, na nilimwandikisha masomo ya ziada ambayo yalikuwa yaleyale ya darasani, yakirudiwa kwa sauti kubwa zaidi. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wazazi wengi wamepita hapo, na mlango haujafungwa.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja: kazi ni mbili, na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni kumfundisha mtoto kusoma, polepole, sauti baada ya sauti. Ya pili ni kuhakikisha kwamba wakati usomaji unajengwa, sayansi, historia, hesabu na hadithi zinaendelea kumwingia kwa masikio, kwa mazungumzo na kwa mikono. Wazazi wengi tunashika moja na kuiacha nyingine. Ukishika ya kwanza peke yake, mtoto anafika darasa la sita akisoma kidogo na kujua kidogo. Ukishika ya pili peke yake, anajua mengi lakini hawezi kusoma kibao cha barabarani.

## Kwanza, tuelewane disleksia ni nini

Disleksia ni tofauti ya namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha na kuziunganisha na herufi. Mtoto huzaliwa nayo, na mara nyingi imo kwenye ukoo: mzazi akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuwa nayo hupanda sana. Haisababishwi na uvivu, malezi wala runinga. Haipimi akili. Makadirio mengi huiweka kati ya asilimia 5 na 10 ya watu, kutegemea mpaka umechorwa wapi. Kwa hesabu hiyo, darasa la watoto 40 huenda lina wawili hadi wanne.

Si jambo jipya. Jina lenyewe lilitungwa na daktari wa macho Mjerumani, Rudolf Berlin, katika miaka ya 1880. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, William Pringle Morgan, alieleza habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy, mwerevu, hodari wa hesabu, ambaye jina lake mwenyewe aliliandika "Precy". Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Zaidi ya miaka 120 imepita, na maneno hayohayo bado yanasemwa na walimu kwenye vikao vya wazazi.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili kuna jambo la kuangalia sana. Tahajia yetu ni nyoofu: herufi inasomwa vilevile karibu kila mahali. Hili humsaidia mtoto, lakini pia huificha shida yake. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watu wazima wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao lugha yao huandikwa kwa unyoofu kama yetu, walisoma vizuri kuliko wale wengine, lakini ndani ya ubongo udhaifu ulikuwa mahali palepale. Maana yake ni kwamba mtoto wa lugha nyoofu huenda asikosee maneno mengi. Husoma sawa, ila kwa kujikongoja, na mwalimu mwenye darasa kubwa humwona mzito tu. Halafu Kiingereza kinaingia, ambamo sauti moja huandikwa kwa njia tano, na mtoto anaanguka ghafla. Watu husema "amebadilika". Hajabadilika. Mlima umekuwa mkali zaidi.

## Hatua ya 1: Tazama, na uandike unachokiona

Chukua daftari jembamba, gawa ukurasa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto andika kilichotokea mtoto aliposoma au kuandika mwenyewe. Upande wa kulia andika kilichotokea alipokisikia kitu kilekile. Fanya hivyo wiki tatu. Usiandike "anasoma vibaya". Andika neno lenyewe: aliandika "nyuba" badala ya "nyumba", "kitada" badala ya "kitanda", "mezi" badala ya "mwezi". Makosa yenyewe yanasema mengi kuliko idadi yake. Hayo matatu, kwa mfano, ni ya mtoto ambaye sikio lake halijatenganisha sauti mbili zinazokaa pamoja.

Kabla ya shule, dalili huwa kwenye mazungumzo: kuchelewa kuzungumza, kugeuza silabi ndani ya neno mara kwa mara, kushindwa kusikia kwamba "kata" na "pata" yanafanana mwishoni, kusahau majina ya vitu anavyovijua vizuri ("kile… kile kitu cha kufungia"). Miaka ya kwanza ya shule, dalili ni kutoshika herufi ingawa zimerudiwa miezi, kukisia neno kwa herufi ya kwanza, kulisoma neno vizuri mstari wa juu na kutolitambua mstari wa chini. Baadaye ni kasi: anachukua mara mbili au tatu ya muda wa wenzake, anachoka, insha yake ni fupi kuliko mazungumzo yake, na anaandika "mkubwa" kwa sababu tu hana uhakika wa kuandika "mashuhuri".

Kugeuza b na d ndiyo dalili inayotajwa na kila mtu, nami naiweka chini kabisa. Watoto wengi hugeuza herufi mpaka kufikia miaka saba hivi, kisha huacha wenyewe.

Tena, angalia lugha ya kwanza ya mtoto. Kama nyumbani kwenu lugha haitofautishi r na l, naye anaandika "rara" kwa "lala", hiyo ni lafudhi iliyoingia kwenye kalamu, si disleksia.

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya mwenyewe. Andika maneno ya kubuni, yasiyo na maana: lepo, tumaki, mbogisa, nyadweka. Mwambie mtoto ni majina ya viumbe wa sayari nyingine, ayasome. Neno la kubuni haliwezi kukumbukwa kwa sura wala kukisiwa kwa picha. Lazima lisomwe kwa sauti za herufi zake. Mtoto wa miaka minane au tisa aliyefundishwa vizuri atayasoma kwa kusitasita kidogo. Mwenye disleksia mara nyingi hukwama, au huyageuza yawe maneno anayoyajua: "lepo" inakuwa "leo". Hilo halitoshi kusema ana disleksia, lakini linatosha kukuinua kwenye kiti.

## Hatua ya 2: Ondoa sababu nyingine

Apimwe masikio na macho. Mtoto aliyekuwa na maambukizi ya masikio ya mara kwa mara huenda alizikosa sauti nyingi wakati wa kuzijifunza. Miwani, ikihitajika, avae. Lakini miwani hairekebishi disleksia. Mwaka 2009 madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja wakisema kwamba mazoezi ya macho na lenzi za rangi havina ushahidi wa kutibu shida hii. Ukiuziwa vidonge, miwani ya rangi au mazoezi ya kutembea kwenye ubao mwembamba kwa ahadi kwamba mtoto atasoma, weka pesa yako mfukoni. Utaihitaji kwa mwalimu.

Jiulize pia: je, amefundishwa? Mtoto aliyehama shule mara tatu, au aliyekosa muhula mzima, anaweza kuonekana hivihivi. Akifundishwa vizuri kwa miezi michache hupanda haraka. Mwenye disleksia hupanda pia, lakini taratibu, na hapo ndipo tofauti hujitokeza.

## Hatua ya 3: Mwendee mwalimu kama mwenzako

Nenda na daftari lako. Omba nafasi mapema, usimvamie getini watoto wanapotoka. Fungua hivi: "Mwalimu, nashukuru kwa kunipa nafasi. Kwa wiki tatu nimekuwa nikiandika ninayoyaona nyumbani. Nikimsomea anaelewa kila kitu. Akisoma mwenyewe anakwama kwenye maneno marefu. Wewe unaona nini darasani?" Kisha nyamaza, sikiliza. Swali hilo la mwisho ndilo linalomfanya mwalimu awe upande wako badala ya kujitetea.

Nilipokwenda mara ya kwanza nilianza na lawama, nikatoka na jibu moja: "Aongeze bidii." Mara ya pili nilifungua daftari, na mwalimu yuleyule akavuta kiti karibu, akasema, "Kumbe hata nyumbani?"

Usikubali kirahisi ushauri wa kurudia darasa. Kurudia kunampa mtoto mafundisho yaleyale yaliyoshindikana, na kumwongezea aibu ya kuachwa na wenzake. Uliza: "Akirudia, ni kitu gani kitafundishwa kwa njia tofauti?" Kama hakuna jibu, hakuna sababu.

## Hatua ya 4: Tathmini

Anayefanya tathmini kwa kawaida ni mwanasaikolojia wa elimu, mtaalamu wa lugha na matamshi, au mwalimu wa elimu maalumu aliyesomea kazi hiyo. Tathmini nzuri humchukua mtoto saa kadhaa. Hupima usomaji wa maneno halisi na ya kubuni, kasi, tahajia, uwezo wa kutenganisha na kuunganisha sauti, kasi ya kutaja picha au rangi zilizopangwa kwenye safu, kushika namba kichwani, na uelewa wa kusikiliza. Hutazama pia kama kuna jambo jingine linaloambatana, maana disleksia mara nyingi huja na shida ya kutulia na kukaza fikira, au na ugumu wa hesabu.

Ripoti ikija, usikae na namba. Nenda moja kwa moja kwenye mapendekezo, chagua matatu yanayowezekana wiki ijayo, uyapeleke shuleni yakiwa yameandikwa.

Na kama hakuna mtaalamu wa kumfikia? Usingoje. Mafundisho yanayomfaa mtoto mwenye disleksia hayamdhuru asiye nayo. Anza leo na hatua ya sita.

## Hatua ya 5: Mwambie mtoto

Watoto hawa tayari wanajua kwamba kuna kitu. Wasipopewa jina la kweli hujipa lao, na jina wanalojipa ni "mjinga". Mwambie kwa maneno mepesi: "Ubongo wako unashika hadithi haraka sana, lakini herufi na sauti zinachukua njia ndefu kukutana. Jambo hilo linaitwa disleksia. Watu wengi wanalo. Tutajifunza kwa njia nyingine, na itachukua muda." Usimwahidi kwamba itaisha. Disleksia haiishi, mtu hujifunza kusoma pamoja nayo. Kama wewe mzazi ulihangaika na kusoma, mwambie hilo siku hiyohiyo. Hakuna sentensi itakayomtuliza kuliko "hata mimi".

## Hatua ya 6: Kufundisha kusoma, sauti kwa sauti

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa.

Katika miaka ya 1930 daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, wote wa Marekani, walijenga namna ya kufundisha ambayo hadi leo ndiyo msingi wa programu nyingi. Kanuni zake ni nyepesi kuzieleza: fundisha sauti na herufi waziwazi, kwa mpangilio, jambo moja juu ya jingine, usiruke; mtoto aone, asikie, atamke na aandike kwa wakati mmoja; rudia mpaka ishike, kisha rudia tena. Dakika 15 hadi 20 kila siku, siku tano kwa wiki, zinazaa kuliko saa mbili za Jumamosi.

Anza na masikio. Dakika tatu, bila kitabu. "Sema 'kata'. Toa k, weka p." Pata. "Toa p, weka l." Lata? Hakuna neno hilo, mcheke pamoja, muendelee. Panga vifuniko vya chupa mezani, kila kifuniko kiwe sauti moja: "sema" ina vinne. Asukume kifuniko kimoja mbele kwa kila sauti anayoitamka.

Jihadhari na ba be bi bo bu. Njia ya silabi inaifaa sana lugha yetu, lakini ina mtego ambao umewanasa watoto wengi. Mtoto mwenye disleksia ana sikio zuri la wimbo. Ataimba ba-be-bi-bo-bu, da-de-di-do-du bila kuitazama herufi hata moja, na kila mtu ataamini kwamba anasoma. Andika silabi hizo kwenye kadi, uzichanganye, umwonyeshe: bu. Ba. Di. Bo. Kama anaanza kunong'ona "ba be bi bo…" ili aifikie, hajaijua; anaitafuta kwenye wimbo. Fundisha kwa mpangilio uliovunjwa tangu mwanzo.

Herufi mbili zinazokaa pamoja. Baada ya silabi nyepesi ndipo zinakuja ch, sh, ny, dh, th, gh. Kisha mb, nd, nj, ng, nz, mv. Kisha mw, kw, bw, tw, vy. Kundi moja kwa wiki, au kwa wiki mbili. Sauti za puani ndizo zinazodondoka mara nyingi. Mwambie mtoto aguse pua kwa kidole huku akisema "kaba", halafu "kamba". Kwenye "kamba" pua inatetemeka. Abane pua na ajaribu tena: neno linakwama. Sasa ile m ina mahali mwilini mwake, si kwenye karatasi tu. Fanya hivyo kwa "goma" na "ngoma". Sauti ya ng' ya "ng'ombe" iache peke yake, ipewe siku zake, maana mtoto akiichanganya na ya "ngoma" mapema itamsumbua miaka.

Kukata maneno marefu. Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili mwenye disleksia huanguka, na ndipo wazazi wengi hawana la kufanya zaidi ya kusema "soma polepole". Rudi kwenye "walipompelekea". Kwa silabi ni vipande vinane, vingi mno kwa kumbukumbu inayovuja. Liandike kwenye kipande cha karatasi, chukua mkasi, mlikate kwa maana: wa | li | po | m | pelek | ea. Wa, ni akina nani. Li, imeshapita. Po, wakati ule. M, kuna anayefanyiwa. Halafu kuna mwili wa neno, peleka, alioujua tangu yuko mdogo. Mfundishe macho yake yatafute mwili kwanza, kisha yarudi kuchukua vichwa. Tengeneza kadi za vichwa kwa rangi moja (ni, u, a, tu, m, wa, na, li, ta, me) miili kwa rangi nyingine (som, andik, pelek, chez) na mikia kwa rangi ya tatu (a, ea, ia), muunde maneno mezani. Mwanangu aliunda "tutawachezea" peke yake, akalisoma, akalirudia, kisha akaenda jikoni kumsomea kila aliyekuwepo. Siku hiyo niliacha kuhesabu makosa.

Kuandika pamoja na kusoma. Imla ya maneno matano yenye kanuni moja, si ishirini yaliyookotwa kila mahali. Utaratibu ni uleule kila mara: sikia, rudia, gonga sauti kwa vidole, andika huku ukitamka, kagua. Kosa likitokea usilikate kwa kalamu nyekundu. Mwombe alisome alichoandika: "nyuba". Mara nyingi atalisikia mwenyewe.

Kasi. Chagua aya fupi anayoweza kusoma maneno yake mengi. Wewe soma kwanza yeye akifuata kwa kidole, kisha msome pamoja, kisha asome peke yake. Aya ileile, mara tatu au nne, leo na kesho. Akikwama, hesabu moyoni mpaka tano, kisha mpe mwanzo wa neno, halafu neno lenyewe. Usimwambie "kisia" wala "tazama picha". Kukisia ndiko anakokujua tayari.

Maandishi yaliyopanuliwa nafasi kati ya herufi na mistari huwasaidia baadhi ya watoto, jaribu. Aina maalumu za herufi zinazotangazwa kwa ajili ya disleksia hazijathibitika kuwa bora kuliko herufi za kawaida, zilizo safi na kubwa.

## Hatua ya 7: Maarifa yasingoje

Msomee. Msomee hata akiwa na miaka 13. Msomee vitabu vilivyo juu ya uwezo wake wa kusoma lakini sawa na uwezo wake wa kufikiri, maana msamiati mwingi wa shule hauko kwenye mazungumzo ya kila siku, uko vitabuni, na yeye hawezi kuufikia peke yake. Simu nyingi leo zinaweza kusoma maandishi kwa sauti, na zinaweza kuandika kile anachokisema; zote mbili zimo kwa Kiswahili. Vitabu vya kusikiliza, filamu za sayansi, vipindi vya historia, majaribio ya mikono: vyote ni shule.

Utasikia watu wakisema kwamba kusomewa ni kudekeza, au kusikiliza kitabu ni udanganyifu. Mtihani wa sayansi unapima kama mtoto anajua mmea unapumua vipi. Kama analijua na analieleza, analijua.

## Hatua ya 8: Omba mabadiliko machache darasani, yaandikwe

Ukiomba kumi utapewa sifuri. Kwa maoni yangu haya matatu ndiyo ya kwanza. Asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila taarifa. Apewe aya tangu jana aifanyie mazoezi, au asiitwe kabisa. Asinakili kutoka ubaoni kurasa nzima, kwa sababu kunakili humla nguvu zote na hakumfundishi. Apewe nakala, au apige picha. Na kwenye masomo yasiyo ya lugha, asikatwe alama kwa tahajia: mwalimu asahihishe wazo, na tahajia aiweke pembeni.

Baada ya hayo kukaa ndipo uombe muda wa ziada, maswali ya mdomo, na maelekezo yanayotolewa moja moja badala ya manne kwa pumzi moja. Mkikubaliana, andika karatasi ya ukurasa mmoja, kila upande ubaki na nakala, na mwanzo wa kila muhula uipeleke kwa mwalimu mpya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika Ibara ya 24, unataka wanafunzi wapewe marekebisho yanayofaa ili wajifunze. Nchi nyingi zimeuridhia. Huombi fadhila.

## Hatua ya 9: Kazi za nyumbani bila vita

Weka saa, si idadi ya kurasa. Mkikubaliana dakika 30, zikiisha daftari lifungwe, na wewe uandike chini: "Amefanya kwa dakika 30 kwa bidii." Walimu wengi hulielewa hilo. Mpe mapumziko katikati, aruke, anywe maji.

Swali msomee wewe. Insha ifanywe kwa awamu: kwanza aseme, wewe au simu mnase maneno yake, kisha apange mawazo kwa michoro au maneno mojamoja, mwisho ndipo aandike. Anapoandika huku akitafuta wazo na tahajia kwa pamoja, wazo ndilo linalokufa. Jedwali la kuzidisha pia humsumbua, kwa sababu ni kumbukumbu ya maneno yaliyopangwa. Mwachie jedwali mezani wakati anafanya hesabu ndefu, na lijifunzwe kwa wakati wake.

## Hatua ya 10: Mitihani

Taratibu za mitihani ya taifa huwa na tarehe za maombi, na tarehe hizo huja mapema kuliko mzazi anavyodhani. Uliza shule mwaka mzima kabla, uliza ni nyaraka gani zinahitajika, na uweke nakala zako. Yanayoombwa kwa kawaida ni muda wa ziada, msomaji wa maswali, mwandishi, karatasi yenye maandishi makubwa, chumba cha utulivu au kompyuta. Uingereza, kwa mfano, nyongeza iliyozoeleka ni robo ya muda.

Kisha afanye mazoezi navyo. Mtoto aliyepewa msomaji kwa mara ya kwanza siku ya mtihani huona haya kumwambia "rudia". Kaa naye nyumbani, uwe msomaji, umzoeze kusema: "Naomba swali la nne tena, polepole."

## Moyo wake, njia nzima

Maumivu ya tumbo siku ya imla ni ya kweli. Mtoto anayefanya vituko darasani kila zamu yake ya kusoma inapokaribia amegundua kwamba kufukuzwa nje kuna aibu ndogo kuliko kusoma. Kabla ya kuadhibu, uliza somo lilikuwa lipi. Na kila wiki awe na saa kadhaa za kitu anachokiweza, kama ni mpira, kuchora, kuunda, kuimba au kutengeneza redio. Usikitumie kitu hicho kama adhabu kwa kukinyima. Mimi nilifanya hivyo, na kilichopungua hakikuwa makosa ya kusoma. Kilikuwa hamu yake ya kuamka asubuhi.

Ukiona huzuni isiyoondoka, au anasema hataki kuwepo, usisubiri ripoti ya muhula. Tafuta msaada wa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyo.

## Hatua ya 11: Mwachie usukani

Akikaribia sekondari, walimu wanakuwa kumi badala ya mmoja, na huwezi kumwandama kila mmoja. Mfundishe ajisemee. Tulikaa na mwanangu wikendi mbili tukitunga sentensi chache, akazifanyia mazoezi mbele yangu mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Alizipeleka mwenyewe kwa kila mwalimu wiki ya kwanza, zikiwa zimechapwa kwenye kipande cha karatasi kidogo kama kiganja:

"Mwalimu, nina disleksia. Ninasoma, lakini polepole. Nikisikiliza ninaelewa vizuri. Nitaomba nipige picha ubao, na nikikwama nitakuuliza baada ya kipindi. Ukitaka kujua kama nimeelewa, niulize kwa mdomo."